Mzee Ole na Ukuta wa Zahanati

Ukuta wa zahanati ulianguka asubuhi, mvua ikiwa imekwisha na jua limeanza kutoka, saa ambayo hakuna mtu anayetazamia ukuta uanguke. Uliangukia benchi la wagonjwa. Waliokaa upande wa mlangoni walitoka na vumbi kichwani na michubuko ya hapa na pale. Aliyekaa mwisho wa benchi hakutoka. Alikuwa binti wa muuza mkaa, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyekwenda kufungwa upya kidonda cha mguu. Alimwambia mama yake asifunge kibanda kwa ajili yake, njia anaijua.

Aliyeujenga ukuta ule alikuwa mwashi wa mtaa huohuo. Polisi walimkuta kwa wazazi wake, kikombe cha chai mkononi. Hakukimbia wala hakubisha. Aliweka kikombe chini, akavaa viatu, akawafuata. Walimweka ndani siku kadhaa, kisha akatoka kwa dhamana, baba yake mzazi akiwa mdhamini. Tangu siku hiyo nyumba ile ilijiingiza ndani yake yenyewe kama kobe.

Baba yake watu walimwita Mzee Ole. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa stoo za serikali siku za kazi, na Jumapili mwalimu wa Biblia. Walimu wenzake walipenda kufundisha habari za kondoo aliyepotea na mwana mpotevu. Yeye alipenda manabii wa zamani, na miongoni mwao wale wakali zaidi: Amosi, Mika, Yeremia, Ezekieli. Akifika kwenye "ole wao" sauti yake ilipanda, na kidole kikapanda pamoja nayo. Watoto waliokutana naye njiani walimpigia kelele, "Ole wenu!" naye aliwajibu, "Na wenu pia!" wakatawanyika wakicheka. Baada ya ukuta kuanguka, hakuna mtoto aliyempigia kelele tena. Walimpisha njia kwa adabu. Adabu ile ilimtisha kuliko matusi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwake aibu iliingia kwa njia ya vitambaa. Wateja walikuja mmoja mmoja, wakisimama mlangoni bila kukaa.

"Shoga, kile kitambaa changu, nimebadili mawazo kidogo."

"Lakini nimekwisha kukata."

"Nipe hivyohivyo."

Mwingine aliondoka na gauni la mkono mmoja. Mama alilikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka nje kwa tabasamu. Aliporudi ndani alikaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa, akaendelea kukanyaga pedali.

Mchungaji naye alikuja. Hakuketi.

"Mzee wangu, naona upumzike kidogo kufundisha. Mpaka mambo yatulie."

"Mambo gani?"

"Si unajua watu."

"Nawajua," alisema Mzee Ole. "Nimewafundisha mimi."

Mchungaji alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaaga.

Baada ya mchungaji akaja msimamizi wa mkandarasi. Huyu aliketi. Alileta sukari na katoni ya sabuni, akaviweka mezani kama mtu aliyekuja kumwona mzazi. Mkandarasi mwenyewe, alisema, ana huzuni kubwa, ila daktari amemkataza kutoka.

"Tajiri amempa kijana wetu wakili. Wakili mzuri, msiwe na wasiwasi. Kijana ana neno moja tu la kusema: mvua. Ilinyesha wiki nzima, kila mtu aliiona. Maji yaliingia kwenye msingi, ukuta ukalala. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Na akisema hivyo?" mama aliuliza.

"Akisema hivyo, mama, mwanao atakula chakula cha mchana hapa hapa."

Mama alimshukuru, tena akamshukuru. Mzee Ole alitazama katoni ya sabuni. Kutoka chumba cha nyuma, kikohozi cha mwashi kilisikika mara moja, kikakatika.

Siku iliyofuata, mama alipokwenda sokoni kutafuta uzi ambao hakuwa na kazi nao, mwashi alimwita baba yake chumbani. Kilikuwa chumba cha wazee. Alikiongeza nyuma ya nyumba mwaka uliopita, ili baba yake aache kulala katika kile chumba cha mbele chenye unyevu na kifua chake kipate nafuu. Na kweli kifua kilikuwa kimepona.

"Baba, gonga hapo."

"Nigonge nini?"

"Ukuta. Gonga tu."

Mzee aligonga kwa kifundo cha kidole. Kidole kiliuma, ukuta haukutoa sauti.

"Mgumu," alisema. "Ulijenga vizuri."

"Ule wa zahanati ukiugonga ulikuwa unaitika kama debe."

Mzee aliuondoa mkono ukutani.

"Mkandarasi aliniambia nipunguze saruji," mwashi alisema. Alisema polepole, macho chini, kama anayemsomea mtu mwingine barua. "Nikapunguza. Akasema nguzo ya mwisho ni uharibifu wa nondo, nikaiacha. Nilimwambia mara moja kwamba haifai. Akanionyesha mafundi waliosimama nje ya uzio wanatafuta kazi. Sikumwambia mara ya pili. Nilipiga plasta nzuri, nikapaka chokaa, na siku ya kufungua watu wote wakasifu."

"Basi mwenye kosa ni yeye."

"Subiri, baba. Sijamaliza. Nilipoona yeye anapunguza, nikasema mbona kila mtu anakula. Mifuko mingine niliitoa mimi."

"Ukaiuza wapi?"

Mwashi alikuwa anautazama ukuta alioutaka baba yake augonge.

Mzee Ole alikaa kitandani. Siku ile zahanati ilipofunguliwa ni yeye aliyeombwa kusali, na alisali kwa kirefu, akaomba Bwana awe ngome ya kuta zile. Nyumbani aliwaambia majirani, hata wale ambao hawakuuliza, kwamba mwanawe anamjengea kwa jasho lake. Sasa alitaka kuinuka kitandani, lakini kuinuka aende wapi? Kila alipogeuka palikuwa na ukuta, na kila ukuta ulikuwa imara.

"Nikisema mvua, huenda nikarudi nyumbani," mwashi alisema. "Nikisema haya, nafungwa. Wewe ndiye mwalimu, baba. Niambie."

Lilikuwa somo alilolipenda kuliko yote, hili la Ezekieli na wale manabii wa uongo: watu wamesimamisha ukuta wa ovyo, nao wakaupaka chokaa na kuwaambia wenye mji kwamba ni salama, wakati salama haipo. Alilifundisha kila mwaka, tena kwa kicheko kidogo, maana chokaa ile iliwachekesha vijana. Alikuwa amewakemea wafalme waliokufa zamani bila woga wowote. Sasa mbele yake alikuwa mtoto wake.

"Tumwombe Mungu," alisema mwishowe.

"Tumwombe atuambie nini?"

"Tumwombe tu."

Mwashi alitikisa kichwa taratibu, kama mteja aliyefika akaambiwa duka limefungwa, akatoka kwenda kukaa uani.

Kwenye ghala la zamani la nafaka, mwendo mfupi kutoka sokoni, palikuwa na kanisa la kijana mmoja aliyekuwa fundi redio kabla hajaitwa kuwa nabii. Mzee Ole alizoea kumwita nabii mwenye vipaza sauti vinne na neno moja. Mkewe alikuwa ameanza kwenda huko kwa siri, kisha siri ikamshinda.

"Amesema twende wote wawili," alimwambia mumewe. "Mzazi mmoja hatoshi. Mzee wangu, sijawahi kukuomba kitu kanisani. Nakuomba hiki."

Kama angemwomba mwezi mmoja nyuma, angepewa mafundisho mpaka jioni. Sasa mzee alitafuta koti lake.

Huko ghalani walipigishwa magoti mbele, kwenye saruji tupu, pamoja na watu wengine wenye shida zao. Nabii alikuja akamwekea Mzee Ole mkono kichwani. Mkono ulikuwa na joto. Kijana hakuwa anafanya mzaha, alikuwa anaamini, au alikuwa anajitahidi sana kuamini. Aliuliza shida, mama akamnong'oneza, naye akaipeleka kwenye kipaza sauti.

"Kuna kesi! Naona faili! Nalifungua, naliona tupu! Hakuna hata karatasi! Kesi imefutwa! Kabla mwezi haujaisha, kijana huyu atakuwa huru!"

Watu walipiga makofi. Mama alilia kwa furaha, akamshika mumewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya hadharani tangu walipooana. Na Mzee Ole, ambaye alijua vizuri kilichokuwa ndani ya faili lile, alihisi kifua chake kinafunguka. Alitaka iwe kweli. Alikumbuka habari za nabii Hanania, aliyeivunja nira shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote, akaahidi kwamba baada ya miaka miwili tu mateka wote watakuwa wamerudi makwao. Yeye darasani alimfanya Hanania kuwa kichekesho. Alikuwa akiruka haraka mahali ambapo Yeremia mwenyewe, kabla hajapinga, alimjibu Hanania amina, Mungu na afanye hivyo. Sasa alielewa kwa nini. Hakuna anayependa kutoka na habari mbaya wakati mwenzake amekwisha kutoka na nzuri.

"Amina," alisema, na alimaanisha.

Walipokuwa wanainuka, mwanamke mmoja alipiga magoti mahali walipotoka. Kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Nabii aliinama, akasikiliza, akanyooka.

"Mama huyu ana machozi! Bwana ameyaona! Walioua mwanao hawatapona! Nawaona nyuma ya vyuma! Hawataliona jua la uhuru!"

Makofi yakapigwa tena, yaleyale. Muuza mkaa aliinua uso, akawaona wazee wawili waliosimama kando yake, mmoja amemshika mwenzake mkono.

"Nabii," alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu vya kutosha kuidaka sauti yake. "Hawa ndio wazazi wake."

"Wazazi wa nani, mama?"

"Wa huyo unayesema hataliona jua. Umetoka kumfutia kesi sasa hivi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajutia kicheko chake. Nabii alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mara ya kwanza umri wake ulionekana, kijana mdogo mwenye suti kubwa. Kisha akawageukia wapiga muziki: "Kinanda! Tumsifu Bwana!" Kinanda kikaingia kwa kishindo.

Mama alitoka mbio, mtandio ukiburutika matopeni. Mzee Ole hakuweza kukimbia. Alipofika nje, muuza mkaa alikuwa amesimama kwenye njia yake.

"Mzee Ole."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu siku ile.

"Pole, mama."

"Pole nimepewa nyingi, sina pa kuziweka. Nataka kukuuliza, kwa kuwa wewe unasoma. Wote wanaokuja kwangu wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji kasema. Majirani wamesema. Yule msimamizi kaleta sukari, naye kasema kazi ya Mungu haina makosa."

Mzee Ole aliikumbuka sukari iliyokuwa kwenye kopo lao jikoni.

"Basi mimi nimegombana na Mungu," muuza mkaa aliendelea. "Kila asubuhi nikifungua kibanda naanza naye. Namtukana, mzee, maneno ambayo kwa umri wako siwezi kukutamkia. Wateja wananisikia, wananunua haraka waondoke. Nataka kujua jambo moja tu. Nagombana na mwenye kosa, au nagombana na mtu siye?"

Mvua ilikuwa neno dogo. Lilikuwa tayari mdomoni, limetayarishwa na watu wanaojua kazi yao. Mzee alimtazama mwanamke yule, akaona kwamba hakuwa amekuja kutafuta wa kumpiga. Alikuwa amechoka kumshtaki Mungu peke yake.

"Unagombana na mtu siye," alisema.

"Basi ni nani?"

"Yatasemwa mahakamani."

"Nakuuliza wewe."

Akamwambia. Alimwambia saruji iliyopunguzwa na nguzo iliyoachwa. Alipofika kwenye mifuko ya mwanawe alishika ukuta wa ghala, lakini hakuacha. Alimwambia na habari za chumba cha nyuma.

Muuza mkaa alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele.

"Ulikuwa unalala vizuri humo?"

"Vizuri sana. Kifua kilipona."

"Wangu alikuwa analala na mimi," alisema. "Kitanda kimekuwa kikubwa."

Akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka.

Nyumbani mama alikuwa jikoni, hataki kusemeshwa. Mzee Ole alimwita, akamwita na mwanawe kutoka uani, akawakalisha mezani. Alieleza alichokifanya. Kisha akamgeukia mwashi.

"Uliniuliza swali nikakukimbia. Jibu ni hili: sema ukweli, na utafungwa."

Mama alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mdomo wako! Maisha yako yote ole, ole, ole! Uliwaitia watu wengine ikakosa njia, sasa umeileta ndani ya nyumba yangu!"

"Haikuhitaji kuitwa, mke wangu. Ilikuwemo. Tumeipigia plasta."

"Ukimpeleka mwanangu gerezani, mtoto wa watu atafufuka?"

"Hafufuki."

"Na hiki chumba tukikibomoa, atafufuka?"

"Hafufuki."

"Basi nini? Unamtoa kwa faida gani?"

Mwashi aliinua kiti cha mama yake, akakiweka sawa.

"Nimewasoma watu wale miaka yote," Mzee Ole alisema, "na nimewasoma vibaya. Nilidhani walikuwa wanawafokea watu wengine. Kumbe walikuwa wanasemea nyumbani kwao. Kila mji waliosema utaanguka ulikuwa na mama zao ndani. Ndiyo maana Yeremia analia kuliko anavyofoka. Mimi nilisoma kufoka, nikaona kulia ni udhaifu wa uzee." Alimtazama mwanawe. "Waliosema hamtakwenda popote, ni amani, walikuwa waongo, wote. Wale wa kweli walisema: mtakwenda uhamishoni, mtakaa huko, jengeni, pandeni, kuleni, na mtarudi. Lile la kwanza mimi nalifundisha kwa sauti kubwa. Hilo la mwisho kila mwaka kengele ilikuwa inagonga kabla sijalifikia."

"Na mimi, baba, langu ni lipi?"

"Yote mawili. Utakwenda. Nami nitakuwa nakuja mpaka utoke."

"Kama utakufa kabla?"

"Atakuja mama yako."

"Mimi msinitie!" mama alisema, akaingia chumbani akabamiza mlango.

Mwashi alitazama mlango ule, kisha kopo la sukari juu ya rafu.

"Hiyo turudishe," alisema.

"Tumekwisha kunywa nusu."

"Turudishe hiyo nusu."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba jioni ile watu walimwona Mzee Ole akipita barabarani na katoni ya sabuni kichwani na nusu kopo la sukari mkononi, akielekea kwa msimamizi wa mkandarasi. Watu walisema uzee umemwingia.

Mahakama ilijaa. Wakili wa tajiri alimwinamia mwashi sikioni, akamkumbusha lile neno moja. Mwashi alimsikiliza kwa heshima, kisha hakimu alipomuuliza, alisema haikuwa mvua. Alisema yote, bila kupandisha sauti, kama fundi anayemweleza mwenye nyumba kilichoharibika. Aliposema jina la mkandarasi, wakili alisimama kupinga. Aliposema, "Mifuko mingine niliichukua mimi," wakili alikaa chini akaanza kupanga karatasi zake ndani ya mkoba.

"Kuna mtu amekulazimisha kusema haya?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Umeahidiwa kitu?"

Mwashi alifikiri. "Nimeahidiwa kutembelewa," alisema.

Muuza mkaa alikuwa kiti cha nyuma kabisa. Yaliposemwa hayo ya mifuko aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka. Hakungoja hukumu, wala siku hukumu ilipotolewa hakuja. Ilikuwa miaka saba. Mama hakulia. Alimtazama mumewe mara moja tu, na kuanzia siku hiyo hakumsemesha. Alimpikia, alimfulia, alimtengea maji ya kuoga. Neno hakumpa.

Mtaani hukumu nyingine ilikuwa imekwisha kutolewa: kijana yule ni mjinga. Mkandarasi aliitwa, akahojiwa, akatoka. Kesi yake ikawa inaendelea, na huku inaendelea alikuwa amepata kazi ya kujenga upande mpya wa soko. Nabii alitangaza kwamba faili lilikuwa tupu kweli, ila wazazi walikosa imani, karatasi zikarudi. Mchungaji hakumwita Mzee Ole kufundisha tena. Chumba cha nyuma kilibaki kimesimama, kwa sababu mama alikataa kisiguswe, na mzee alikataa kulala ndani yake. Alirudi kwenye unyevu wa chumba cha mbele, na kikohozi kikarudi naye.

Muuza mkaa hakuwasalimu. Akimwona mama anakuja, alijishughulisha na magunia. Lakini majirani zake walisema asubuhi siku hizi hatukani tena. Hufungua kibanda, hukaa juu ya gunia, hulia mpaka akamaliza, kisha huuza.

Siku ya kwanza ya kuruhusiwa kumwona mfungwa, Mzee Ole aliamka mapema, akavaa. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe amekwisha kuvaa, kikapu cha chakula mkononi. Walitembea mpaka gerezani bila kuzungumza, yeye mbele, mama nyuma.

Langoni palikuwa na foleni ya mama na wake za watu. Askari alifungua chombo cha mama, akachukua kijiti kilichotoka kwenye chombo cha mtu mwingine, akakichokoa chakula mpaka chini. Wali aliokuwa ameupanga na mchuzi wake pembeni ukawa uji wa rangi ya udongo. Mama alifunika chombo.

"Asante, afande," alisema.

Mwashi aliletwa upande wa pili wa wavu. Nywele zilikuwa zimenyolewa, masikio yakaonekana makubwa, kama ya utotoni. Alisema anakula, analala. Alisema wamempeleka kwenye kikosi cha ujenzi. Wanajenga jiko jipya la wafungwa, na msimamizi wao naye amesema saruji ni nyingi mno, wapunguze.

"Ukasemaje?" mzee aliuliza.

"Nimemwambia haifai. Akanitoa, wakaniweka kuchota maji siku mbili. Jana kaniita tena, nikamwambia tena haifai." Alicheka kidogo. "Hapa hakuna foleni nje ya uzio, baba. Kila mtu yumo ndani."

Mama alikuwa ameshika wavu kwa vidole vyote kumi. Alimwuliza kama wanawapa blanketi. Alimwuliza kama meno hayamsumbui. Alipoishiwa maswali alibaki anamtazama, mpaka askari alipogonga meza kwamba muda umekwisha.

Nje, kando ya ukuta mrefu wa gereza, palikuwa na kivuli chembamba ambamo watu walingoja jua lipungue. Mzee Ole alikaa juu ya jiwe akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu. Mama alisimama kando yake, amempa mgongo, anatazama barabara.

"Miaka saba," alisema.

Mzee aligeuka upesi kuona kama anasemeshwa yeye. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Saba," alijibu.

"Utakuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na sita. Mungu akipenda."

"Mimi sitini na tano."

Magari mawili yalipita na vumbi lake. Mama aliendelea kutazama barabara, midomo inacheza bila sauti, kama akipima kitambaa kwa macho na kuona kwamba hakitoshi, na kwamba hakuna kingine.

"Usiku utarudi kulala chumbani," alisema. "Hicho kifua hakifiki miaka saba."

"Mke wangu, chumba kile—"

"Sikukuuliza kimejengwa na nini. Najua kimejengwa na nini. Nasema hicho kifua hakifiki."

Alimwita mchuuzi wa mayai ya kuchemsha aliyekuwa akizunguka na ndoo yake, akachagua mawili. Alikaa kwenye jiwe karibu na mumewe, akalimenya moja taratibu, akiyatia maganda kwenye kikapu. Akampa. Mzee Ole alianza kula kama alivyozoea, akiuzungukia weupe na kuacha cha ndani.

"Na kiini," mama alisema. "Kula chote."